Pumzi Kwenye Mrija

Hasira hasara, husema watu, na Omagor fundi wa cherehani alikuwa ameambiwa hivyo mara nyingi mpaka methali yenyewe ikawa inamkasirisha. Ufundi alikuwa nao. Suruali aliyoishona yeye ilivaliwa harusini, ikavaliwa kanisani, kisha ikarithiwa na mdogo wa mwenyewe. Lakini watu wa Malaba walijizoeza kumletea kitambaa asubuhi mapema, kabla sindano ya kwanza haijavunjika. Sindano ikishavunjika hapakuwa na fundi tena pale barazani, palikuwa na radi iliyovaa tepu ya kupimia shingoni, na mtu mwenye akili alirudi kesho yake.

Siku ile sindano ilikuwa imekwisha kuvunjika Odeke alipofika kutoka Adungosi. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya duka la Ramanbhai, ambalo Omagor alikuwa akishonea barazani kwake, akatoa kipande cha muwa, akakaa kwenye benchi la wateja. Odeke alikuwa kaka mkubwa wa Apolot, mke wa Omagor, na kaka wa mke hana haraka akiwa kwa shemeji, hasa shemeji mwenye makosa.

Makosa yenyewe yalijulikana pande zote mbili za reli. Mwezi uliopita Omagor alirudi nyumbani akakuta pasi yake ya makaa imewekwa mlangoni kuuzuia usipigwe na upepo. Alipiga kelele mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Kelele zilipomwishia alikipiga teke chungu cha Apolot cha kupikia pombe, chungu alichopewa na mama yake siku aliyoolewa, kikavunjika, na ajono, pombe yao ya wimbi, ikatambaa sakafuni hadi chini ya kitanda. Apolot alimshika mkono binti yao Alaso, mtoto wa miaka minne, wakaenda kwao Adungosi na nguo walizovaa tu.

"Wazee wamekaa," Odeke alisema, akitema makapi ya muwa pembeni. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi uje. Uje na chungu."

"Chungu nitanunua. Hiyo si kazi."

"Ngoja, shemeji, sijamaliza. Shangazi Akurut amesema kisinunuliwe soko la Adungosi, pale karibu. Kitoke huku Malaba. Ukibebe mwenyewe na baiskeli, kifike kizima."

Omagor aliweka chini kitambaa alichokuwa amekishika. "Ile barabara yote? Na yale mawe?"

"Ndiyo hayo mawe anayoyataka. Halafu utakaa na sisi, utaambiwa makosa yako moja moja, na wewe utasikiliza. Ukipandisha sauti, unarudi peke yako. Sisi tutaanza kuwaza habari ya ng'ombe zako, tuone tutakurudishia namna gani."

Kurudishiwa ng'ombe wa mahari ni kuambiwa huna mke. Omagor alijua hivyo, na angekuwa mtu mwingine angenyamaza. Lakini alikuwa Omagor. Alisimama, akauliza ukoo mzima wa Adungosi wanajiona nani, akataja kila ng'ombe kwa rangi yake, akataja na pasi ya makaa, na mwisho akautupa mkasi. Mkasi ulipita juu ya benchi, ukaingia dukani kwa mlango, ukaanguka karibu na magoti ya mzee aliyekuwa amekaa sakafuni juu ya gunia, miguu ameikunja, macho ameyafumba.

Mzee alifumbua jicho moja. Aliutazama mkasi. Akalifumba tena.

"Hizo ndizo kelele wanazozizungumzia," alisema Odeke, akachukua baiskeli yake na kuondoka.

*

Mzee wa kwenye gunia aliitwa Chaganbhai, kaka wa mke wa Ramanbhai. Miezi michache nyuma alikuwa na duka la vitambaa Tororo, duka la milango miwili, na nyumba yenye sakafu nyekundu, na gari. Kisha ikatoka amri kwamba Wahindi waondoke Uganda, na Chaganbhai akavuka mpaka na sanduku moja. Sasa alikuwa akilala nyuma ya magunia ya sukari ya shemeji yake akisubiri makaratasi ya kumpeleka India, nchi ambayo hakuwahi kuiona. Kila asubuhi alitandika gunia lake, akakaa, akapumua. Watoto wa shule walikuwa wakimchungulia wakienda, na walimchungulia tena wakirudi kula chakula cha mchana ili waone kama bado hajafa.

Omagor aliingia kuuchukua mkasi wake. Aibu ilikuwa imeanza kumpata, na aibu ya Omagor ilikuja siku zote ikiwa imechelewa, kama polisi.

"Samahani, mzee. Haujakugusa?"

"Haijagusa."

Omagor hakuondoka. Alisimama na mkasi mkononi akimtazama. "Mzee, nikuulize. Wewe umepoteza duka. Umepoteza nyumba, gari, kila kitu. Mimi nimepoteza sindano. Sasa mbona mimi ndiye napiga kelele na wewe umenyamaza?"

Chaganbhai aliwaza kidogo. "Sindano ilikuwa kubwa?"

"Ya kawaida."

"Basi kaa," alisema mzee, akasogea kwenye gunia.

Kukaa kwenyewe kulikuwa kazi. Chaganbhai aliukunja mguu mmoja wa Omagor ukapanda juu ya mwingine, na magoti ya fundi, yaliyozoea kukanyaga cherehani tu, yakalia. Alipojaribu kunyoosha mgongo, suruali yake ilipasuka katikati ya mapaja. Alikuwa ameishona mwenyewe. Ramanbhai, aliyekuwa akipima sukari kwenye mizani, alimgeuzia mgongo mteja wake kwa heshima ili acheke.

"Wachana na suruali," alisema Chaganbhai. "Sasa vuta pumzi na pua. Pole pole. Halafu toa pole pole zaidi. Kuvuta fupi, kutoa refu."

Omagor alivuta kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akatoa kama mtu aliyepigwa ngumi.

"Hapana. Pole pole. Veve nakunywa ile pombe yenu na mrija, sindiyo?"

"Nakunywa."

"Mtu ya haraka nafanya nini na mrija?"

"Anapaliwa."

"Basi. Vuta kama mrija. Toa kama mrija. Angalia pumzi tu, usiangalie ingine."

Hapo Omagor akaelewa, kwani kwenye chungu cha ajono hata yeye alikuwa mtu wa subira. Alifumba macho. Pumzi ikaingia, ikatoka. Ya pili ikaingia, na kabla haijatoka alikuwa amekwisha kufika Adungosi kichwani mwake, anamuuliza Odeke ni nani aliyemruhusu kula muwa kwenye benchi la wateja. Alimweleza mzee hivyo, akidhani masomo yameishia pale.

"Ukiona iko Adungosi, rudi kwa pumzi."

"Nitarudi mara ngapi?"

"Mimi narudi kutoka Tororo kila siku," alisema Chaganbhai.

*

Kila jioni, ndani ya nyumba isiyo na mke wala mtoto, Omagor alikuwa akitandika gunia lake. Magoti yalikubali kidogo kidogo. Pumzi ndiyo iliyokuwa mbishi, kwa hiyo akatafuta dawa yake mwenyewe. Aliuchukua mrija wake wa ajono, mrija mrefu aliourithi kwa baba yake, akauweka mdomoni bila chungu mbele yake, akavuta hewa, akaipuliza ikatoka kwa mrija uleule. Alipenda sauti yake. Ilikuwa inasikika kama upepo mdogo kwenye matete, na alipoisikia hakusikia jinsi nyumba ilivyokuwa kimya. Chaganbhai angemwambia kwamba yoga haina mrija. Omagor hakumwambia Chaganbhai.

Malaba ni mji wa mpakani, na habari huvuka bila kibali. Jirani alimwona dirishani amekaa kitako gizani na mrija usio na pombe. Kufikia Jumapili ilikuwa imesemwa kwamba mke aliondoka na akili za Omagor. Wengine walisema Mhindi anamfundisha kula hewa ili apunguze matumizi. Fundi baiskeli wa jirani na duka aliapa kwamba Omagor ameacha nyama na anajiandaa kuoga Mto Malaba kila alfajiri akiomba jua. Baada ya misa katekista alimwita kando.

"Omagor, hii ya kukaa, unamwomba nani?"

"Simwombi mtu, katekista. Napumua tu."

"Kupumua si ulikuwa unapumua tangu zamani?"

"Nilikuwa nafanya vibaya."

Katekista alikuwa amekuja na maonyo kuhusu miungu mingine, lakini hakuwa na onyo lolote kuhusu pumzi. Alimwambia aendelee kwa kiasi.

Isidhaniwe kwamba fundi aligeuka malaika. Utulivu ulipoanza kumjia aliupenda sana, na alichokipenda Omagor alikigombania. Mbuzi wa jirani alipolia wakati yeye amefumba macho, alitoka nje akamfokea mbuzi, akamfokea na mwenye mbuzi, kwamba wanamharibia amani ya moyo. Jirani alimuuliza kama hiyo amani ndiyo hii anayoisikia. Omagor alirudi ndani, akakaa tena, na safari hiyo alikaa muda mrefu kwa sababu alikuwa na kitu cha kweli cha kukitazama.

*

Siku moja kabla ya ile Jumamosi alikuja mfanyabiashara mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, aliyeitwa Aluka, mtu mpole mwenye tumbo dogo na haraka ya kurudi kabla geti la mpaka halijafungwa. Alikuwa na koti zuri la kijivu. Alikuwa amelinunua sokoni kwa mtu asiyemjua, na mikono ilikuwa mirefu.

"Nipunguzie mikono tu, fundi. Koti lenyewe ni kitambaa ya nguvu."

Omagor aligeuza bitana ili aone mshono, na kivuli kikaanguka juu ya koti. Chaganbhai alikuwa ameinuka kutoka kwenye gunia lake. Alinyoosha mkono, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa ndani, mahali ambapo bitana ilikuwa imewahi kuchanika ikashonwa kwa uzi wa rangi nyingine, akausugua ule mshono kama mtu anayejikuna kovu.

Omagor alielewa: koti lilikuwa la mzee, limetoka katika nyumba yake ya Tororo. Damu ilimpanda kichwani. Alimgeukia Aluka, na mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka, lakini Chaganbhai alimshika bega. Mzee alitikisa kichwa.

"Yeye nanunua sokoni," alisema. "Pimia mtu mikono."

Omagor alimpimia. Aluka alinyoosha mikono yake, akamtabasamia mzee, akasema ni koti la bahati, na Chaganbhai akamjibu kwamba ndiyo, ni nzuri. Kisha alirudi kwenye gunia, akaikunja miguu, akafumba macho, na machozi yakaanza kumtoka. Hayakuwa machozi ya siri. Yaliteremka mashavuni, yakafika kwenye ndevu, na yeye akaendelea kupumua, kuvuta fupi, kutoa refu.

Mteja alipoliacha koti akaondoka, Omagor alikwenda akachuchumaa mbele yake. "Mzee, nilidhani wewe hukasiriki."

"Nani nasema?"

"Sasa hii kukaa kila siku ni ya nini, kama bado inauma?"

"Inauma." Chaganbhai alijifuta kwa pindo la shati. "Nakasirika sana, fundi. Tangu Tororo hasira iko hapa na mimi, nalala na mimi kwa sukari. Lakini asubuhi nakaa, naangalia yeye, yeye naangalia mimi. Hapigi mtu."

Omagor aliipunguza mikono ya koti lile kwa uangalifu zaidi kuliko koti lolote alilowahi kulishika. Sindano ilivunjika mara moja. Alichukua nyingine.

*

Chungu kilikuwa kikubwa, chenye shingo fupi, na Omagor alikizungushia magunia mawili akakifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba za mpira. Palipokuwa na mawe alishuka akasukuma. Palipokuwa na mashimo alishuka akasukuma. Kwa kweli barabara ya Malaba kwenda Adungosi yote aliisukuma, na wanawake waliokuwa wakitoka shambani walimuuliza kama baiskeli ni mgonjwa anapelekwa hospitali. Aliwajibu kwamba ndiyo, anaumwa mgongo. Alishangaa kujisikia akijibu hivyo.

Walimpokea kwa heshima yote anayostahili mkwe, ndiyo kusema walimketisha juani. Chungu kilikaguliwa na Shangazi Akurut, dada wa baba mkwe, mama mrefu aliyekuwa na sauti ya kuamuru ng'ombe. Alikigonga kwa kidole, akasikiliza, akatafuta ufa, akakasirika kidogo kwa kutouona. Kikawekwa kando ya ghala juu ya kata, pete ya majani ya kukishikilia. Baba mkwe, Mzee Emukule, aliagiza ajono iletwe. Mama mkwe hakuonekana, kwa sababu mama mkwe hatazamani na mkwe wake wala hanywi naye chungu kimoja, lakini kikohozi chake kilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, karibu kabisa na mahali ambapo mtu husikia vizuri. Apolot naye alikuwa huko. Omagor aliona ncha ya leso yake mlangoni.

Kwa Wateso chungu cha ajono kina sheria zake. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Mtu hasimami mrija wake ukiwa chunguni. Na zaidi ya yote, pumzi haipulizwi ndani, kwa sababu watu wanakunywa pamoja, na anayepuliza ni kama anawatemea wenzake midomoni. Mtoto wa Mteso hujifunza hilo kabla hajajifunza kufunga vifungo. Omagor alikaa, akapewa mrija, akaushika kwa mkono wa kulia, na Akurut, aliyekuwa pembeni na kibuyu chake mwenyewe, akaanza.

Alianza na pasi. Akaja kwenye teke. Akaeleza chungu kilichovunjika kilifinyangwa na nani na kilipikiwa pombe ya kina nani, mpaka ikawa kama Omagor amepiga teke makaburi. Omagor alitikisa kichwa kukubali. Alivuta ajono kidogo, akaachia mrija. Mambo yalikuwa yakienda vizuri.

"Halafu tumesikia umekuwa Mhindi," alidakia Odeke. "Tulikuchinjia kuku. Tumpe nani sasa, katekista?"

"Kuku nakula, shemeji."

"Basi ni mkono mmoja tu ndio umekuwa Mhindi, ule wa kuku bado ni wetu." Watu walicheka, na Omagor akajilazimisha kucheka nao. Odeke aliona utani haujachoma, akasogeza kiti. "Lakini Apolot na mtoto wametulia tangu waje kwetu. Mtoto analala usingizi wa kweli. Ila mvua ikinguruma. Juzi mvua imenguruma, Alaso ameamka, unajua amesema nini? Amesema, baba amekuja."

Walicheka tena, na safari hii Omagor hakuweza. Kilimpanda kitu cha moto kutoka tumboni, kikapita kifuani, kikaja kooni kikiwa na majina yote ya kumwita Odeke. Ncha ya leso ilikuwa bado mlangoni. Akakumbuka pumzi. Mrija ulikuwa mdomoni, na mdomo wake ulikuwa umezoezwa jioni nyingi gizani kwamba mrija ukiwepo, kazi ni moja. Alifumba macho. Alivuta fupi. Akatoa refu.

Chungu kikachemka. Povu lilipanda, likafurika shingoni, likammwagikia Mzee Emukule miguuni.

Mzee Emukule alitoa mrija wake chunguni taratibu, akaufuta, akauweka magotini. Wazee wengine wawili wakatoa yao. Hata kikohozi cha jikoni kilinyamaza.

"Umetupulizia," alisema Akurut.

Omagor wa zamani alikuwepo pale, tayari kabisa. Alikuwa na maneno: kwamba wamemchokoza, kwamba amesukuma chungu njia nzima kama mjinga, kwamba jua limemchoma na kiti kina misumari. Yote yalikuwa kweli, hata misumari. Omagor aliyahisi yote yakimsukuma mgongoni, na alibaki ameketi nayo.

"Nimewapulizia," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekosa, wazee. Sina la kujitetea."

"Kwa nini?" aliuliza Mzee Emukule, ambaye hakuwa amekasirika kama alivyoshangaa. "Wewe si mtoto."

"Najifunza kupumua, baba. Nikitaka kupiga kelele navuta hewa na kuitoa. Nimekuwa nikijifunza nyumbani, jioni. Na mrija."

"Na mrija wenye nini?"

"Mtupu."

"Onyesha," alisema Akurut.

Ikambidi aonyeshe. Aliutoa mrija chunguni, akaushika mbele ya wakwe zake, amefumba macho, akavuta na kupuliza, na ile sauti ya upepo wa kwenye matete ikasikika ua mzima. Wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe, nyuma ya ukuta, mtu ambaye hakutakiwa hata kusikika. Kisha Akurut akajishika mbavu. Odeke aliziba pua kwa vidole viwili, akajifanya anapaa. Walimcheka mpaka machozi, walimcheka wakapumzika, wakaanza upya, na kucheka huko kulikuwa kugumu kuvumilia kuliko makosa yote aliyosomewa na Akurut. Masikio yalimwaka moto. Alikaa palepale. Mzee Emukule alimtoza kuku mmoja kwa kuchafua chungu, na Omagor akasema kuku ataletwa.

Ni katika kicheko hicho ndipo Alaso alipotoka jikoni. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameona chungu kipya kando ya ghala na alitaka kujua ndani kuna nini. Aliinama juu yake kwa mikono miwili, kata ikateleza, chungu kikabingirika kikagonga jiwe la kusagia. Kilipasuka vipande vitatu vikubwa na vidogo visivyohesabika.

Kicheko kilikatika. Watu wote walimgeukia Omagor.

Kelele zilimjia, na hazikuja na mrija wala na hesabu ya kuvuta na kutoa. Zilikuja na barabara yote, kila jiwe aliloshukia, na zilimfika kwenye meno. Alikuwa amekwisha kusimama. Ndipo alipomwona mtoto. Alaso hakukimbia wala hakulia. Alikuwa amesimama kati ya vigae, macho ameyafumba kabisa, na viganja vyake viwili vidogo vimeziba masikio, vimebana, kama mtu anayejua kinachofuata na amekwisha kujiandaa. Alifanya haraka, kwa mazoea. Katika makosa yote aliyosomewa siku ile, hata Akurut hakuwa amelitaja hili. Omagor aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona maishani mwake.

Akakaa chini pale pale vumbini, na kwa kuwa magoti yalikuwa yamejifunza namna moja tu ya kukaa chini, yakajikunja hivyo. Suruali ikapasuka, mshono uleule, kwa sauti ambayo hata viganja havikuweza kuizuia.

Alaso alifumbua jicho moja. Alimtazama baba yake aliyekaa vumbini kama mtoto. Akatazama suruali. Alitaka sana kumwonyesha, na huwezi kumwonyesha mtu kitu mikono ikiwa masikioni, kwa hiyo baada ya kusitasita akautoa mmoja.

"Baba, imepasuka."

"Nimesikia," alisema Omagor. "Nitaishona."

Mtoto alisubiri. Hakuna kilichofuata. Akautoa na mkono wa pili, akaja akachuchumaa kuona vizuri.

Apolot alikuwa mlangoni. Hakuwa amecheka na wengine, na hakucheka sasa. Alimtazama mumewe, akavitazama vigae, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga leso kiunoni na kushika kibunda cha safari mkononi.

"Chungu bado tunakudai," Akurut alimwambia Omagor, lakini alisema kwa uchovu, akiwa bado anajifuta macho kwa kile kicheko.

"Kitanunuliwa," alijibu Apolot. "Nitakichagua mimi, nitakibeba mimi, na nitakiweka mahali mguu wake haufiki."

Odeke aliwashikia baiskeli, akampakia Alaso nyuma, juu ya magunia yaliyokuwa yamezungushiwa chungu. Wakatoka uani, Omagor akisukuma kwa mkono mmoja na kushikilia suruali kwa mwingine. Walikuwa hawajafika hata barabarani mvua iliponguruma mbali, upande wa Tororo. Alaso alishtuka. Mikono yake ilipanda, ikafika mabegani, ikasimama hapo, naye akainama pembeni kumtazama baba yake usoni, ahakikishe kama ni yeye aliyenguruma.